Amin ya Babu Zahran

Mize, usinipigie simu! Andika tu. Nimemliza babu.

Ule wimbo wake wa gitaa nilioufanya mlio wa simu umelia mbele yake sasa hivi. Akasema, "Thuraiya, zima." Kisha machozi. Babu Zahran, Mize! Huyu huyu!

Kumbe lahani ile si yake. Ni ya kasida aliyofundishwa utotoni, chuo cha Kurani, na Mwalim Duni, mzee kipofu wa Kengeja. Mwaka 1961 babu akaongeza gitaa kwenye dufu, akaikimbiza, kasida ikawa rumba tupu, bila maneno. Watu wakaipenda mno.

Alasiri moja wanaipiga harusini, Mwalim Duni akapita njiani, akaisikia. Akadhani ni maulidi! Akavua makubadhi mlangoni, akaingia. Ilipofika pale ambapo kwenye maulidi watu husimama kumswalia Mtume, naye akasimama wima, mikono kifuani. Watu wanacheza dansi ubavuni pake, wanamcheka. Wanamcheka, Mize!

Na babu alimwona. Alimwona, na hakuacha kupiga! "Niliwaonea haya wachezaji," ananiambia, "yeye sikumwonea."

Wimbo ulipokwisha, mzee akauliza, "Zahran, si wewe huyo?" Akapapasa mpaka akampata, akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua mbele ya watu wote kwa kuwa hakumsahau mwalimu wake.

Babu akaitikia amin, gitaa bado liko shingoni.