Shemeji, Ile Hesabu ya Bure Mwenyewe ni Nani?

Shemeji wangu Bura,

Huko uliko najua unaucheka mwandiko wangu. Cheka tu. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi, na kombaini ya shamba la ngano Basotu ikanipa jina. Dereva kama mimi Hanang nzima hakuwepo. Ngano yenyewe ilikuwa ikiniona inalala.

Leo nimeikumbuka kompyuta ya ofisini kwenu kilimo. Mvua ilikuwa inachimba shamba la juu, na korongo limeshaanza kuelekea nyumba ya dada yangu, mkeo. Ukawa unatafuta matuta ya kukinga maji yapite wapi. Yule mtaalamu mgeni alikuwa na programu ya kununuliwa, haifunguki bila kidude cha kuchomeka nyuma ya mashine. Ukaiuliza habari za maji, ikakujibu x na y. Nikakuambia hata mimi najua herufi siyo hesabu. Ukanieleza kwa upole kwamba hiyo ni kanuni ya miteremko yote, namba tunaweka wenyewe shamba kwa shamba. Mimi niliona mashine inakwepa swali, kama mwenyekiti wetu wa kijiji.

Mtaalamu akarudi kwao, kidude mfukoni. Kazi yako yote ikabaki imefungiwa ndani. Sikushangaa. Ile programu ilikuwa ng'ombe wa kuwekewa: maziwa unakunywa, samadi yako, lakini siku mwenyewe akimtaka anamswaga. Hilo tunalijua tangu kwa babu zetu kule Tlawi.

Ndipo mwalimu mmoja wa Mbulu akakuletea programu nyingine kwenye diski, ya bure. Eti unakili, umpe mwenzako, hata ndani uchungulie ilivyotengenezwa. Hapo ndipo nilipoogopa. Ng'ombe asiyejulikana akiingia zizini, unamripoti atangazwe. Nikaibeba diski mpaka kwa mwenyekiti. Akaigeuzageuza, akauliza ina alama gani sikioni. Ukaja unahema.

“Shemeji, hii haina mwenyewe.”

“Inaye. Hajajua tu kwamba imempotea.”

Mwenyekiti akaamua ikae kwako mpaka mwenyewe ajitokeze. Ukaipata upya kanuni yako, ukachomeka vigingi, nami nikapitisha trekta nikiinua matuta, moyoni nasema dada yangu amewekwa chini ya hesabu ya wizi.

Mvua ikaja, ile ya kwelikweli. Maji yakafika kwenye tuta, yakageuka pembeni polepole, yakashika njia ya ziwani. Dada alikuwa mlangoni anapepeta mahindi. Hata kichwa hakuinua.

Nyumba ipo, dada yupo, wewe ndiye hupo. Nasikia hizo za bure bado zinagawiwa, na mimi bado sijaamini. Mtu atoe akili yake bure, anataka nini? Ungekuwepo ungeniita mbishi, tukabishana mpaka chai ipoe. Sasa nashuku peke yangu, na haina utamu.

Pumzika. Siku mwenyewe akija kuidai, atanikuta nimesimama kwenye lile tuta. Simpi.

Ni mimi, shemeji yako mbishi, kaka wa mkeo.