Uso wa Mama yake Liz

Migori, 4 Machi 2024

Mama Kezia,

Habari za Lambwe? Mgongo umepata nafuu? Sisi tu wazima, na mume wangu Levis anakusalimu.

Kazini maktabani tunaweka mtandaoni maandishi ya wataalamu kuhusu historia ya sanaa, ambayo zamani yalisomwa vyuoni tu. Sasa yeyote atayafungua kwa simu bila kulipa. Mojawapo linahusu akina mama wa Lambwe waliopamba kuta za nyumba kwa udongo wa rangi. Lina picha ya mwanamke mlangoni, ila jina halikuandikwa. Levis anasema mlango huo ni wa nyumba yenu iliyoungua. Nimekutumia nakala. Unamjua?

Mkwe wako,
Nyatichi

Lambwe, 19 Machi

Nyatichi mwanangu,

Mgongo hauniumi sana, namshukuru Mungu. Watoto hawajambo?

Niliipokea picha, nikaketi chini. Huyo ni mke mwenzangu, Emmaculate, mama yake Liz. Alifariki Liz akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Picha zake zote ziliteketea na ile nyumba. Liz sasa ni mama wa watu huko Rusinga, na hajawahi kuuona uso wa mama yake.

Tafadhali, usiuonyeshe ulimwengu uso huo kabla Liz hajauona. Nitampelekea mwenyewe.

Mama yako,
Kezia

Lambwe, 6 Mei

Nyatichi,

Hamjambo nyote? Asante kwa kumwomba mkubwa wako wa maktaba asubiri. Nilikawia kukuandikia kwa sababu Liz hakutaka niondoke Rusinga.

Alipoipokea picha aliisogeza kwenye mwanga, akajigusa shingo, kisha akagusa ya mama yake pichani, iliyofanana na yake. Hakulia. Niliyelia ni mimi. Akaitia ndani ya Biblia, hakuitaja tena. Nikaogopa nimemfufulia msiba. Na nikuambie ukweli, niliogopa pia kwamba akimpata mama yake, mimi nitapungua.

Asubuhi moja tukianika omena, wale dagaa wa ziwani, akaniambia, "Mama, waambie waifungue ile picha. Amefichwa vya kutosha."

Bado ananiita Mama.

Kezia

Migori, 20 Mei

Mama,

Shikamoo. Tuko salama.

Andiko limefunguliwa tangu juzi. Chini ya picha nilikuwa nimeandika, "Emmaculate wa Lambwe, mama yake Liz." Liz aliposoma, akanipigia simu kutoka Rusinga, akasema bado halijakamilika. Nikamwuliza limepungukiwa nini, akanisomea polepole nami nikaandika: "Liz alilelewa na Kezia, mama yake pia."

Mkwe wako,
Nyatichi