Salamu Nilizozizuia Kilimani

Mpendwa kaka,

Leo sikuamkii. Sababu unaijua.

Nakumbuka likizo yako ya mwisho hapa Igowole, kabla kikosi chenu cha mawasiliano hakijapelekwa vitani mpakani. Ulimwaga punje za mahindi mkekani, ukafunika vikombe vitano kuwa milima. Kila punje ilikuwa gari la jeshi lenye redio. Mama akapita. "Wewe! Hiyo ni mbegu yangu!" Ukamjibu, "Leo ni jeshi, mama. Kesho utaipanda."

Ukavuta uzi kutoka punje hadi punje. Kila uzi ulipogusa kikombe, wewe ukasema gari hilo halisikii. Lazima mwingine akae juu, apokee maneno na kuyapitisha. Halafu ukazisogeza punje zote, maana magari hayatulii, ukaanza upya. Nilidhani redio ni kusema tu hewani. Kumbe kabla mtu hajafungua mdomo, yupo aliyekwisha kufikiri nani atamsikia nani, nani ataanza, nani atanyamaza, kwa kuwa wote mnatumia njia moja na wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Nilitazama vidole vyako nikaona watu wasioonana wakizungumza kama wamezunguka jiko moja. Kitabu changu cha fizikia hakijawahi kunishangaza hivyo.

Kesho yake ukatupanga sisi wadogo zako juu ya vilima, tuitane kwa sauti, na kila amalizaye aseme "ova", yaani nimemaliza, zamu yako.

"Kilima cha Pili, sema, ova!"

Nikasimama wima. "Kamwene, kaka! Shikamoo! Umeamkaje? Mama naye ameamkaje?"

Sikuwa nimekuamkia asubuhi ile. Ningeanzaje kusema na mkubwa bila salamu? Wakati huohuo kitinda mimba wetu, kutoka Kilima cha Tatu, alikuwa anapiga kelele kwamba mbuzi wa jirani wameingia bustanini. Hakuna aliyemsikia. Kabichi za mama zikaisha.

Ulicheka hadi ukakaa chini. "Mdogo wangu, salamu zako zimeangusha ngome!" Kisha ukainuka. "Kule vitani, salamu moja inaweza kumfunika mtu anayeomba msaada."

Nikakuuliza, "Na kituo kikikaa kimya?"

"Usikifanyie matanga mapema. Huenda kipo bondeni. Kiite kwa wakati wake, na umtafute aliye juu."

Kaka, miezi minne hujaandika. Majirani wameanza kuja kukaa na mama bila kusema kitu, naye amekunja nguo zako na kuziweka sandukuni. Mimi nisiyethubutu hata kunyoosha mkono darasani nimekwenda Mafinga peke yangu, kwa askari aliyekuja likizo na anayerudi huko mpakani Jumatatu. Nimemwomba akuletee barua hii. Yeye ndiye mtu wangu wa juu ya kilima.

Njia nimeiacha wazi. Jibu neno moja tu, ndipo nitakuamkia kwa salamu zote nilizozizuia: kamwene, shikamoo, umeamkaje, umekula nini.

Nasikiliza.

Mdogo wako wa Kilima cha Pili.
Ova.