Siku Nne Nilizoficha Dawa ya Mac

Othaya, Ijumaa, Julai 1995

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima hatujauona wiki nzima. Nimerudi kutoka kazini nikaketi karibu na jiko, na mume wangu ameniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nimemwambia ni uchovu. Si uchovu.

Mimi ni mwenye wivu.

Mimi ndiye karani wa shule, na kwa miaka sita hakuna mwingine aliyeijua Mac yetu, kompyuta pekee ya shule. Ni mashine kuukuu, kioo chake kidogo, cheusi na cheupe. Tuliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao ng'ambo. Ndiye aliyenifundisha. Walimu walikuwa wakija ofisini na mitihani yao waliyoandika kwa mkono, wakiongea nami kwa upole kwa sababu walinihitaji. Upole huo niliuzoea.

Kisha Januari akaja Muthoni, mwalimu mpya wa jiografia, msichana wa Tetu, ana cheti cha kompyuta kutoka Nairobi. Wiki ya pili tu alichora nembo ya shule kwenye Mac, ikawa inatokea kwenye barua zetu zote. Madam, mwalimu mkuu, aliwaonyesha hata wazazi. Tangu hapo mashine ikisumbua Madam husema, "Hebu niitieni Muthoni," na mimi nimeketi pale pale, hatua mbili kutoka mlangoni pake.

Nilimchukia kwa vitu vidogo. Anavyochapa bila kutazama vidole. Anavyocheka na walimu wazee. Aliniita Mama Njoki kwa heshima, na hata hiyo heshima iliniuma.

Jumatatu Mac ilianza kulia pii pii bila kuguswa, picha ya bomu ikatokea, kila kitu kikaganda. Ndani mlikuwa na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Muthoni akasema ni virusi. Mwalimu wa hesabu akauliza ni nani huleta disketi kutoka nje. Sote tulijua ni Muthoni. Moyoni nikafurahi.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba dawa niliijua.

Kabla yule mwalimu wa kujitolea hajaondoka, Mac iliwahi kulia vivyo hivyo. Alinionyesha. Unaizima, unaiwasha huku umeshikilia vitufe viwili, inakuuliza kama ijipange upya, unakubali, na virusi vinafutika. Kisha unafanya hivyo kwa kila disketi. Basi.

Nilikaa nikimwangalia Muthoni akihangaika. Jumanne alizima na kuwasha mpaka jioni. Jumatano alimpigia simu fundi wa Nyeri mjini, naye akasema hana ujuzi wa mashine za aina hiyo. Madam akaamua mitihani ichapwe upya kwa taipureta, na Muthoni asaidie kwa kuwa disketi ni zake.

Alhamisi asubuhi alikuja kuomba ruhusa. Mama yake alikuwa mgonjwa, alitakiwa hospitali Nyeri, na nyumbani hakuna mwingine wa kumpeleka.

"Mitihani kwanza," Madam alimwambia. "Utaenda Jumamosi."

Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila neno, nikaendelea kupanga faili.

Leo saa nne nilimkuta stoo, mikono imejaa wino wa stensili za kurudufia mitihani, analia bila sauti. Aliponiona alijipangusa haraka.

"Pole, Mama Njoki. Niko na homa tu."

Hapo nilishindwa. Nilienda moja kwa moja kwenye Mac, nikashika vile vitufe viwili. Hata dakika tano hazikuisha. Disketi zake saba zikachukua kama dakika kumi. Mitihani ikafunguka, yote, hakuna hata swali lililopotea.

Madam alikuja akapiga makofi. "Kumbe mtaalamu wetu tuko naye hapa hapa," alisema mbele ya walimu wote. Ni maneno niliyoyangojea tangu Januari. Nilitazama sakafu.

Wengine walipotoka, Muthoni alibaki.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema nimekumbuka leo. Angeamini.

"Tangu Jumatatu," nikamwambia.

Hakunitukana. Alifunga begi lake polepole. "Jirani alipiga simu asubuhi," alisema. "Mama alijipeleka hospitali jana, peke yake. Wamemlaza." Kisha akaenda kwa Madam kuomba ruhusa, na safari hii akapewa. Alipita mezani pangu bila kuaga.

Madam bado hajui. Jumatatu nitamwambia mwenyewe, kabla Muthoni hajalazimika kunisemea.

Na kesho nitaenda Nyeri na uji kwenye thamosi. Sijui nitasema nini nikifika. Nitasimama mlangoni mwa wodi mpaka Muthoni aniambie niingie, au niende zangu.