Mdudu Aliyezoea Dawa

Mathe,

Naogopa. Naanza na hilo maana hukupenda mtu azungukezunguke. Nafula wetu amelazwa, na mshono wake unatoa usaha kama ule wako.

Alijifungua kwa upasuaji, kasichana kanono, tukakapa jina lako. Majirani wote wa ploti walikuja na uji na vigelegele. Halafu mshono ukawa mwekundu, ukavimba, joto likapanda. Wakamdunga antibaiotiki, wapi. Wakabadilisha, wapi. Hapo nikakukumbuka wewe, maana ulipovunjika nyonga ukapasuliwa, mambo yalianza hivyohivyo hadi ukatuacha.

Nilidhani mwili wako ulikuwa umezoea dawa. Si ndivyo tunavyosema sote hapa Umoja? Fulani amezoea dawa, hazimshiki. Juzi daktari alinikalisha akaniambia, "Dada, si mwili unaozoea. Ni mdudu wa ugonjwa." Ati dawa ikiwa kidogo inaua wale wanyonge, wale sugu wanabaki na kuzaana. Kisha wanahama, kitanda hadi kitanda, na hata mtu asiyependa dawa kama Nafula anawapata. Yesu wangu! Sasa naogopa hata kushika kitanda cha dadangu. Naosha mikono mpaka inachubuka.

Nakumbuka mkebe wako wa majani chai, umejaa zile kapsuli za antibaiotiki, za rangi mbili. Wewe ndiwe uliyekuwa daktari wa ploti. Kikohozi, rangi mbili. Jino, rangi mbili. Mtoto akichubuka goti, unafungua moja, unamwaga unga kwenye kidonda, unapuliza: "Haya, nenda ukacheze." Na mtu akipata nafuu kidogo tu, "Basi, zilizobaki rudisha kwa mkebe, kesho kuna mwingine ataugua." Ulitupenda hivyo. Nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa.

Jana saa ya kuona wagonjwa alikuja Mama Kevo, yule jirani wa mlango wa pili. Akainama kumsalimu Nafula, kumbe ametoa rangi mbili kwenye leso, mkono mwingine unafunua bandeji! "Mama yenu angefanya hivi," akasema. Nilipiga kelele, Mathe. Nikamshika mkono, unga ukamwagika sakafuni, wadi nzima ikageuka. Akalia. Nami nikalia, maana alisema kweli, ungefanya hivyohivyo, kwa upendo mtupu.

Leo asubuhi majibu ya usaha yametoka maabara. Karibu dawa zote walizozipima, mdudu hazimtishi. Imebaki moja. Wameshaianza. Nikauliza, na hii ikishindwa je? Daktari akanishika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa nimeketi kwa benchi nje ya wadi, mjukuu wako mapajani. Kila muuguzi akipita haraka, nachungulia mlangoni.

Pumzika, Mathe. Nakuahidi huyu mtoto hatameza dawa ya kubahatisha, na dozi ya mamake nitaisimamia hadi tone la mwisho, anune asinune. Lakini na wewe nifanyie kitu kimoja, nakuomba. Ukimwona Nafula anakuja huko, usifurahi. Usimfungulie mikono. Mfokee, kama ulivyotufokea tukikufuata sokoni Kariobangi. Mwambie arudi nyumbani, mtoto wake analia.

Ni mimi,
Nasimiyu