Kitambaa Ambacho Sikukikunjua

Mpendwa Bi Dina,

Nimeisoma safu yako gazetini miaka kumi na moja bila kuwaza kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini sasa naomba msaada, tena unisaidie bila kunibembeleza, maana nyumbani kila mtu ananibembeleza na haijanifaa kitu.

Nina miaka arobaini na tano, mume wangu Gerwin kazi yake ni kutengeneza na kufunga makabati ya jikoni, tuna binti mmoja wa miaka kumi na tano, Roelien, na tunaishi kijiji kimoja cha Veluwe, huku Uholanzi, ambako Jumapili tunakwenda kanisani asubuhi na tena jioni, na mezani tunaomba kabla ya kula na kushukuru baada ya kula, kwa hiyo si kwamba Mungu hatumjui, ila gari la vifurushi tunavyoagiza nalo husimama mlangoni petu karibu kila siku, mpaka dereva analijua jina la mbwa wetu.

Mwezi wa sita, siku yangu ya kuzaliwa, mama yangu Aartje alinipa kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, na Mama ana miaka sabini na tisa na vidole vimepinda kwa baridi yabisi, nami nikasema asante, nikambusu mara tatu, nikakunjua upande mmoja tu nikaona maua, nikakirudisha kwenye mfuko kwa sababu tulikuwa tumenunua meza mpya ya mwaloni na fundi alisema meza ya namna hiyo haifunikwi. Mwezi wa kumi nikasafisha kabati ili nipate mahali pa mashine mpya ya kahawa, ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa, na mfuko ule nikautia kwenye boksi pamoja na vikombe na mapazia, na Gerwin akalipeleka boksi kwenye duka la mitumba la kanisa. Mama hujitolea pale kila Alhamisi, Bi Dina, na mimi nilijua, ila siku ile sikumkumbuka.

Jumatano ya kwanza ya Novemba tukafunga kazi tukaenda kanisani kwa Siku ya Shukrani, nikaimba kwa sauti mpaka Gerwin akanitazama, na Mama akakaa safu ya nyuma, akasema kuna upepo mbele. Jumamosi nikapeleka boksi jingine dukani, na pale kaunta nikamkuta Stijntje, rafiki wa Mama wa siku nyingi.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nimekificha. Watu wawili walitaka kukinunua."

"Umeficha nini?"

"Usijifanye hujui, bibi wee. Lile boksi lako alilifungua mama yako kwa mikono yake. Alikikunja kile kitambaa, akaniambia kichwa kinamuuma, akaenda zake."

Akakitandaza chote kwenye kaunta. Pembeni kulikuwa na majina yetu sote, la marehemu baba, la Gerwin, la Roelien, langu, na chini ya langu, kwa uzi wa buluu, Joas. Joas ni mwanangu aliyeishi siku mbili, miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu tumzike hakuna mtu aliyelitaja jina lake mbele yangu, nami nilidhani wamemsahau.

Nimekirudisha nyumbani. Gerwin anasema, "Mnunulie kile kiti cha umeme cha kumsaidia kuinuka anachokitamani, yataisha." Roelien anasema, "Si ulisema asante siku ile, Mama? Basi." Nami nimeamua nyumba hii itabadilika, nitake nisitake: nimefuta zawadi zote za sikukuu ya Mtakatifu Nikolao ya mwezi wa kumi na mbili, na nimenunua daftari ambamo kila mtu ataandika shukrani tatu kila siku mwaka mzima, lakini juzi Gerwin ameandika, "Namshukuru Mungu kwa viazi, na kwa mke ambaye hajaagiza kitu tangu Jumamosi," na Roelien akacheka mpaka akamwaga mchuzi. Je, nimwambie Mama, au ninyamaze kama anavyonyamaza yeye? Na nifanyeje shukrani isiishie Novemba?

Willemijn (jina nimebadilisha, na mengine pia)

*

Willemijn mwanangu,

Pole kwa Joas. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona hukupewa pole ya kutosha.

Sasa nikugombeze. Umekosa wewe, halafu adhabu anapewa binti yako kwa kunyimwa zawadi zake. Rudisha sikukuu ya watoto leo hii. Na hilo daftari umelinunua! Ulipogundua una vitu vingi kupita kiasi, hatua yako ya kwanza ilikuwa kwenda dukani. Mumeo amekutania, na utani wake una haki.

Kosa lako si kwamba ulikosa kusema asante. Ulisema, na ukambusu mara tatu. Ulishukuru kabla ya kutazama ulichopewa, na nakuapia, hata mbele za Mungu unafanya hivyohivyo: unamaliza sala ukiwa umeshika uma. Anayeshukuru hutazama kwanza. Hana haraka ya kutaka kingine.

Nenda kwa mama yako kesho asubuhi. Usipeleke maua, usipeleke kiti. Mwambie ulichofanya kwa sentensi moja, na neno "meza" lisiwemo. Kisha muulize alikitarizi vipi, unyamaze, umsikilize mpaka amalize.

Wasomaji wangu, jibu hili nililituma kwa posta kwanza, na Willemijn amenipigia simu akaniruhusu niwasimulie. Alikwenda. Alisema, "Mama, nilikitoa bila kukikunjua." Mama Aartje akaweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi.

"Hukukikunjua?"

"Hapana, Mama. Nisamehe."

"Mimi nilidhani umeliona jina la mtoto ukaudhika," mama akasema. "Wiki tatu sijalala vizuri. Nikawa najiambia, kizee wewe, nani alikutuma?"

Wakalia wote wawili, kisha wakazungumza habari za Joas mpaka viazi vikawa vyeusi kwenye bakuli. Jioni yake Willemijn alimsimulia Roelien, na Roelien akauliza mdogo wake alikuwa na nywele za rangi gani. Hakuwahi kuambiwa.

Sasa sikia, Willemijn, hili la mwaka mzima. Kila siku mtafute mtu mmoja aliyekutendea jema, umtazame usoni, ulitaje lile jema kwa jina lake. Anza na dereva wa vifurushi, maana wewe jina lake hukuniandikia. Ukishamshukuru mtu, ndipo upige magoti, na utaona sala imepata maneno. Kitu kipya kisiingie nyumbani kabla hamjakaa mezani mkasema kile cha zamani kiliwafaa nini. Mwezi wa pili, mvua ikinyesha na hakuna sikukuu yoyote, utachoka na utaona ni upuuzi. Siku hiyo fanya mara mbili.

Nanyi wengine mnaotaka kuniuliza kama mama zenu bado wanangoja: wanangoja. Msiniandikie mimi. Vaeni makoti mwende.