Ndoto za Biira Zimenyooka Mno

Kasese, Jumapili, Novemba 1970

Mvua imenyesha asubuhi, kisha ikaacha ghafla kama mgeni aliyekumbuka shughuli nyingine. Sasa ni jioni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za wafanyakazi, milima yote imepotea, na nguo zangu zinanuka kahawa mbichi kwa sababu nimeshinda Bwera. Mwili umerudi lakini kichwa bado kinaelea huko.

Kesho natakiwa kumpa meneja jina moja. Mwenye jina hilo atakwenda Nairobi kusomea kompyuta mpya, na akirudi ndiye atakayeongoza chumba chetu. Biira anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Anaistahili. Na mimi tangu Ijumaa ninaogopa kulitaja jina lake.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma haya uzeeni nitakuwa nimesahau. Chumba chetu kiko nyuma ya ofisi za kampuni. Ndani kuna mashine kubwa kuliko kabati la bibi harusi, na chakula chake ni kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Matundu tunayatoboa sisi. Mengine ni hesabu za wafanyakazi, mengine ni maagizo ya kuiambia mashine ifanye nini na hesabu hizo. Tundu moja likikosewa, mashine hailalamiki. Inalipokea kosa kwa adabu zote na kwenda nalo mpaka mwisho. Kazi hii inakula macho kwanza, halafu inahamia kwenye usingizi.

Tulikuwa wanne. Biira, msichana wa Bwera mwenye vidole vyepesi na kichwa chepesi zaidi. Mama Kavira, Mkatoliki wa Butembo, aliyevuka mpaka na wanawe wakati wa vita vya Kongo. Bwambale, kijana mkweli hadi anakera. Na mimi, binti wa fundi wa saruji aliyetoka Kenya, ninayeitwa msimamizi kwa sababu nilitangulia kuajiriwa.

Asubuhi mashine ikiwashwa haifanyi kazi papo hapo. Lazima ipate moto kwanza. Wakubwa wanauona muda huo kuwa hasara, sisi tukaufanya wetu. Tunakaa, tunakunywa chai ya tangawizi ya Mama Kavira, na kila mmoja anasimulia alichoota. Ilianza kama mzaha tu. Baadaye tukagundua kwamba mtu aliyechoka sana huota kadi. Basi nikatunga sheria: aliyeota kadi hagusi maagizo siku hiyo. Apange karatasi, atembee mpaka kwenye mikaratusi, avute hewa, arudi akijisikia.

Niliipenda sheria yangu kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza.

Na zile ndoto! Mama Kavira aliwahi kumwota mjomba wake amekaa juu ya gunia la maharage anawafundisha vyura kusali, na vyura wanamsahihisha. Bwambale aliota amevaa viatu vya mkate na mvua inakuja. Tulikuwa tunaanza kazi huku mbavu zinauma, na vidole vyenyewe vinakwenda bila kulazimishwa.

Meneja akasikia. Akapendezwa, maskini, wala hakuwa na nia mbaya. Akaanza kupita mlangoni na kuuliza kwa utani, "Nani ameota kadi wiki hii?" Tukacheka na kumjibu. Bwambale alijibu mara nyingi kuliko sote, kwa sababu hajui kuficha. Mwezi uliopita akahamishiwa stoo ya vyuma. Wakubwa waliniambia chumba cha mashine kinamchosha.

Tangu hapo hakuna aliyeota kadi tena.

Na mimi, mjuaji, nikafurahi. Nikadhani tumepona.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Biira kusimulia. Eti amepanda mlima mpaka kwenye theluji, akakutana na mwanamke mwenye kitambaa cheupe, akapewa maji, akanywa, akashuka salama na kumkuta mama yake anamngoja mlangoni. Nilikaribia kupiga makofi. Alipotoka kwenda kuchukua kadi, Mama Kavira aliniinamia sikioni.

"Ile ndoto iko kama katekisimu," akasema. "Iko na mwanzo, iko na mwisho, amina. Mutu mwenye analala hawezi lota vile. Ule mutoto halale, dada. Angalia macho yake."

Nikayaangalia. Yalikuwa mekundu, na chini yake kumevimba. Sijui ningewezaje kuyaona kabla, wakati kila asubuhi nilikuwa nikimsikiliza mdomo.

Nikaanza kuzikumbuka ndoto zake nyingine. Anatembea juu ya maji ya ziwa kule Kasenyi, samaki ngege wanamfuata nyuma kama mbuzi, anafika ufukweni na watu wote wanakula wanashiba. Anaruka juu ya Nyakiyumbu na kutua kwenye harusi. Zote zilikuwa na njia iliyofagiliwa. Ndoto ya kweli haimalizi safari, hukukatia katikati na kukuacha umekaa kitandani na mguu mmoja nje.

Biira hurudi kwao Jumamosi. Kwa hiyo leo baada ya ibada nimepanda lori lililokuwa linakwenda Bwera kupakia kahawa. Njiani nimepanga maneno makali, nikayabadilisha yakawa ya upole, nikayarudisha makali. Nilipofika sikuwa na hata moja. Mama yake amenisalimu uani, "Wasibire," nikamwitikia, naye akaweka kidole mdomoni.

"Iko nalala," akaninong'oneza. "Usiku yote iko nageuka tu kwa kitanda. Wacha ilale, mwanangu."

Biira alikuwa amelala nyuma ya nyumba, pembeni ya mkeka wa kahawa iliyoanikwa, mkono mmoja umeingia ndani ya kahawa. Mama yake akanipa kifimbo cha kufukuzia kuku, akaenda zake jikoni. Nikakaa.

Ni muda mrefu sijakaa hivyo. Ukungu ulikuwa unapita kati ya migomba polepole, unaufunika mgomba mmoja, unauachia, unaufunika mwingine. Mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni, na sauti ilikuwa inafika imechelewa, imechoka. Kuku walikuja nikawafukuza, wakaja tena. Sikujua kama ni saa sita au saa tisa, wala sikutaka kujua. Nilihisi kama mimi ndiye ninayelala na Biira ndiye anayenilinda.

Kisha nikaviona vidole vyake. Vilikuwa vinacheza ndani ya kahawa. Kimoja, viwili, kimoja, vitatu, kwa mpigo ninaoujua vizuri kuliko wimbo wowote. Amelala fofofo, na bado anatoboa kadi.

Niliumia, sitaficha. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, taratibu, vidole vikatulia.

Ndipo akafumbua macho.

"Dada! Nani ilileta wewe huku?"

"Nimekuja kufukuza kuku."

Akacheka kidogo, akajifuta uso, akaniangalia, akaacha kucheka.

"Biira," nikasema, "ndoto zako zimenyooka mno."

Akachukua punje ya kahawa akaimenya ganda lote bila haraka.

"Mimi siloti, dada," akasema mwishowe. "Nikifunga macho nasikia mashine tu, tak, tak, tak, mpaka asubuhi. Ningesema nini kwa chai? Bwambale ilisema ukweli, sasa iko stoo nahesabu misumari. Mimi nataka kuenda Nairobi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Nilikuwa nimeuandaa msemo huo tangu kwenye lori, nimwambie kwa sauti ya msimamizi. Nikaumeza. Maana nani aliyemfundisha kuficha? Nilitengeneza mahali pa kupumzikia, nikaruhusu pageuke mlango wa mtihani, na binti mwerevu akajifunza kufaulu. Angefanya nini kingine?

"Na wewe?" Biira akaniuliza. "Kila siku wewe naulizia sisi. Wewe nalota nini?"

Jibu likatoka kabla sijalitafuta. Nikamwambia nimeota niko nyumbani kwa baba, mlango uko wazi, nikaingia bustanini, nikachuma mapera, nikaketi kivulini nikala, na kengele ya kanisa ikalia.

Biira akanitazama.

"Dada," akasema, "hii yako imenyooka kuliko yangu."

Tulicheka mpaka kuku wakaruka ukuta. Nikacheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakutaka kuondoka, na Biira akaacha kucheka akanishika bega. Mama yake akatukuta hivyo. Akatuwekea obundu ya moto, ule ugali wa muhogo, na mboga ya sombe, akasema tule kabla haijapoa, na tumekula kwa mkono mmoja sahani moja kama watoto.

Nimemwacha akiwa ameshalala tena.

Kwa hiyo kesho. Nitampa meneja jina la Biira, na nitamwambia atakwenda Nairobi akiwa amelala usingizi wa kutosha, kwa hiyo wiki hii asimtarajie, kazi yake tutaigawana mimi na Mama Kavira. Nitamwambia pia kwamba yale ya chai si taarifa ya ofisi, na nitamwomba asiulize tena mlangoni hata kwa utani. Akikasirika, akasirike. Halafu nitakwenda stoo kumwomba Bwambale msamaha, na kumwambia kikombe chake kipo, aje anywe nasi asubuhi hata kama kazi yake iko kwenye misumari. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu atanisamehe hapohapo na mimi nitatamani asingefanya haraka.

Nimekaa hapa kitandani najaribu kukumbuka ndoto yangu ya kweli ya mwisho. Yoyote, hata kipande. Ukungu umefika dirishani. Naona mapera ya uongo, naona bustani ambayo baba hakuwahi kuwa nayo. Nyuma yake hakuna kitu, ni mpigo tu, hafifu, ambao nilidhani ni mvua juu ya mabati.

Kesho chai ikimiminwa nitaanza mimi, na nitawaambia silali.